Gawa kwa Mbili

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, msichana mmoja wa darasa la sita alipiga goti nyuma ya jengo la madarasa na kukitazama kipimamvua cha shule. Kilikuwa chombo cha kawaida tu: faneli juu, chupa ndefu yenye mistari ndani, na kigingi cha kukishikilia kisiangushwe na upepo. Lakini yeye alikitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyelala. Alishusha kichwa mpaka jicho lake likawa sawa na maji, akasoma namba, akamwaga maji, akaipangusa chupa. Kisha alikwenda langoni na kuiandika namba ile kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa ukutani, upande wa barabarani, ili kila mpita njia aione.

Wenzake walimwita Mawingu. Jina hilo alipewa na mwalimu wa jiografia siku alipojikwaa kwenye ngazi kwa sababu alikuwa akitembea huku ameangalia juu. "Dalili ya mvua ni mawingu," mwalimu alisema, "na dalili ya mawingu katika shule hii ni mtoto huyu kuanguka." Darasa zima liliangua kicheko, na jina likaganda. Hakulichukia. Wenzake walijua majina ya wachezaji wa mpira. Yeye alijua majina ya dhoruba. Jioni alitega sikio kwenye redio ya shangazi yake kusikia ni mto gani umefurika, upepo gani umeezua mapaa, na mvua kiasi gani imenyesha wapi.

Ubao wa langoni haukuwa pambo. Chini ya shule kulikuwa na Mtaa wa Chini, safu ya karakana na vyumba vilivyokipa kisogo kijito kimoja chembamba. Mvua ikinyesha sana kilimani, maji yake yalichukua saa kadhaa kuteremka mpaka mtaani. Kwa hiyo namba ya asubuhi iliweza kueleza habari ya mchana. Mwalimu na wakazi walikuwa wamekubaliana kanuni moja rahisi: ubao ukizidi milimita hamsini, kila mtu apandishe mali yake kwenye ukumbi wa shule, hata kama jua linawaka.

Mawingu mwenyewe aliishi mtaani humo, kwa shangazi yake aliyekuwa fundi wa kushona sare. Chumba cha mbele kilikuwa karakana: cherehani mbili, meza ya kukatia, na majora ya vitambaa vya wateja yaliyopangwa sakafuni juu ya mbao. Chumba cha nyuma ndimo walimolala.

Kosa lilianza na redio. Shule zilituma namba zao kituoni, na kila Ijumaa mtangazaji alitaja shule iliyopata mvua kubwa kuliko zote wiki hiyo. Wiki nenda wiki rudi, zilitajwa shule nyingine.

"Kipimamvua chetu kina kiu," alisema jirani yake wa dawati, mvulana mwenye maneno mengi aliyeitwa Redio. "Kinayanywa maji kabla hujayasoma!"

Mawingu alicheka pamoja na wenzake, lakini maneno yale yalimkereketa moyoni. Jioni moja akaking'oa kipimamvua pale uwanjani kilipokuwa wazi, akakisogeza mpaka chini ya ukingo wa paa, mahali matone ya mabati yalipodondokea. Alijua fika kwamba mwalimu aliwafundisha kukiweka mbali na paa na miti. Alijiambia, "Maji ni ya mvua ile ile. Simdanganyi mtu." Mwalimu, aliyemwamini, hakwenda kukagua.

Ijumaa ile shule ilitajwa redioni. Walipiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Wiki iliyofuata ikatajwa tena.

Lakini namba zile zilisomwa pia Mtaa wa Chini. Ubao uliposema sitini, watu walibeba mali zao wakapanda nazo shuleni. Kijito hakikufika hata kwenye nguzo za daraja. Uliposema sabini, wakabeba tena, na mchana wakarudi na mizigo yao mikavu wakinung'unika. Mara ya tatu, fundi baiskeli aliyefanya kazi mkabala na shangazi alisimama katikati ya njia akiwa na gurudumu begani.

"Jamani, nimegundua siri ya shule hii!" alitangaza. "Mvua yao inatoka jikoni, imeongezwa maji kama chai ya wageni wengi. Wakisema sitini, ninyi gaweni kwa mbili mpate thelathini, mkalale!"

Watu walicheka. Tangu siku hiyo, kila aliyepita langoni aliutazama ubao na kusema, "Gawa kwa mbili," kisha akaendelea na safari yake.

Mawingu aliyasikia yote hayo. Lakini kilichomchoma zaidi ni jambo aliloliona nyumbani: shangazi ameinama kando ya meza, mkono mmoja umeshika kiuno, mwingine unajaribu kulirudisha jora mahali pake.

"Kiuno kinauma, shangazi?"

"Kiuno hakiumi, mwanangu, kinalalamika tu. Nilikibebesha mzigo wa bure."

Jioni ile ile Mawingu alirudi shuleni, akakihamisha kipimamvua mpaka mahali pake pa zamani, uwanjani, pasipo paa wala mti. Alishusha pumzi. Mambo yamenyooka, aliwaza, na hakuna haja ya kumwambia mtu. Siku zilizofuata zilikuwa za manyunyu tu, na ubao ukaonyesha namba ndogo ndogo ambazo hakuna aliyezijali.

Kisha mvua kubwa ikaja. Ilianza alasiri na kunyesha hadi alfajiri, si kwa kelele wala radi, bali kwa utulivu wa mtu anayejua kazi yake. Kulipokucha ilikuwa imekatika. Mawingu alikimbia shuleni, akapiga goti, akasoma. Sitini na mbili. Akasoma tena. Sitini na mbili, kwenye uwanja wa wazi! Kwa kitambo kidogo alifurahi kama mvuvi aliyenasa samaki mkubwa. Akaenda langoni na kuandika namba kwa chaki, kubwa na wazi.

Fundi baiskeli alipita akisukuma baiskeli ya mteja. Akauinulia macho ubao.

"Sitini na mbili," alisema, "gawa kwa mbili, thelathini na moja. Aa, manyunyu hayo!" Akapiga kengele ya baiskeli, akateremka zake.

Mawingu aliganda na chaki mkononi. Alikuwa amekirekebisha kipimo, lakini hakuwarekebisha watu. Walipogawa namba ya uongo, walikaribia ukweli. Sasa wangeigawa namba ya kweli, wapate uongo, na uongo huo ungewakuta majora yao yakiwa sakafuni.

Aliteremka mbio. Kijito kilikuwa bado chembamba, kimetulia kama hakina habari. Shangazi alikuwa akikanyaga cherehani, futi kamba ikining'inia shingoni, na wateja wawili wakisubiri kupimwa.

"Shikamoo, shangazi. Tupandishe vitambaa, tafadhali. Ubao umesema sitini na mbili."

"Marahaba. Nimeshaambiwa." Shangazi hakuinua macho. "Fundi kasema ni thelathini. Rudi shule, kengele italia."

"Leo siyo ya kugawa, shangazi."

"Na kwa nini leo isigawiwe, na juzi iligawiwa?"

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Angeweza kusema hajui. Wateja walikuwa wakimtazama. Mlangoni alikuwa amesimama fundi baiskeli, mikono imejaa grisi, akitabasamu kama aliyekuja kuangalia mchezo. Mawingu alitazama chini, kisha akatazama majora.

"Kwa sababu za nyuma zilikuwa za uongo," alisema. "Nilikiweka kipimamvua chini ya paa ili tutajwe redioni. Baadaye nikakirudisha uwanjani, ila sikumwambia mtu. Ya leo ni ya kweli. Nisamehe, shangazi. Nisamehe na wewe, fundi."

Cherehani ilinyamaza. Tabasamu la fundi baiskeli lilififia.

"We mtoto," alisema taratibu, "yaani nilibeba baiskeli za watu kupanda kilima kile mara tatu, kwa ajili ya matone ya bati?"

"Ndiyo, fundi."

"Hasira yako iweke kiporo, fundi," alisema shangazi akiinuka na kuvua futi kamba. "Tutaila baadaye, wote kwa pamoja. Sasa hivi shika upande huo wa jora."

Fundi baiskeli alifuta mikono kwenye suruali. Lakini kabla hajashika jora alitoka hadi njiani na kupaza sauti ile ile aliyotangazia siri yake: "Jamani! Ya leo haigawiwi! Nasema haigawiwi! Pandisheni!"

Mawingu alikwenda shuleni kumweleza mwalimu, na safari hii maneno yalitoka kwa urahisi kidogo. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga kitabu, akalitoa darasa zima liende kusaidia kubeba. Redio alishuka na kupanda akiwa na mto wa kiti kichwani, akitangaza njia nzima kama yuko kazini.

Kabla ya adhuhuri kijito kilibadilika rangi. Kisha kikavimba, kikavuka kingo zake bila haraka, kikaingia Mtaa wa Chini mlango kwa mlango. Kutoka dirisha la ukumbi watu walikiona kikizizunguka karakana tupu. Katika chumba cha shangazi maji yalifika karibu na juu ya meza ya kukatia. Lakini hayakukuta jora hata moja, wala cherehani, wala mtu.

Mawingu aliketi kwenye pembe ya ukumbi, kati ya baiskeli na marundo ya sare. Mwalimu alipokuja, alisimama.

"Mwalimu, mpe mwingine kazi ya kipimamvua. Mimi nimeiharibu."

"Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi," mwalimu alijibu. "Keti. Ulipokirudisha chombo uwanjani, ulidhani umemaliza?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ulikuwa umefika nusu ya njia. Anayesema uongo huharibu vitu viwili: habari yenyewe na imani ya waliomsikia. Habari unaweza kuirekebisha peke yako, kimya kimya. Imani hairudi mpaka uende kwa wenyewe, uwatazame usoni, useme, 'Nilikosea.' Leo umeimaliza nusu ya pili. Imebaki kuwaambia watu wa redioni."

Mwalimu akampa simu yake, kisha akasimama kando na kumwacha aongee mwenyewe.

Ijumaa darasa lilikusanyika kusikiliza. "Shule moja," alisema mtangazaji, "imetuomba tufute namba zake za nyuma, kwa kuwa hazikupimwa inavyopasa. Tumezifuta, na tunaishukuru." Hapakuwa na makofi. Wote walimgeukia Redio wakingoja mzaha, naye akakuna kichwa, akasogea kidogo kumpa Mawingu nafasi kwenye dawati.

Wiki ile shangazi alikausha sakafu, akarudisha cherehani mahali pake, na kwa siku kadhaa kazi ya kupanga majora ilikuwa ya Mawingu peke yake, kwa kuwa kile kiporo cha hasira kililiwa kweli.

Asubuhi moja tulivu, Mawingu alikuwa langoni akiandika kumi na nne. Kengele ya baiskeli ililia nyuma yake. Fundi alisimamisha baiskeli, akaweka mguu mmoja chini, akausoma ubao kwa muda mrefu, uso umekazwa kama mkaguzi.

"Haya, mtaalamu," alisema. "Leo tugawe kwa ngapi?"

Mawingu alipangusa chaki vidoleni.

"Kwa moja, fundi."

Fundi baiskeli alikokotoa kichwani kwa mbwembwe zote, macho juu, midomo ikichezacheza.

"Kumi na nne," alisema hatimaye, akaanza kuteremka kilima huku akiwapigia watu kelele kwamba leo ni kumi na nne.