Madoa ya Viganjani

Kila nikitoka shule nilipitia kwenye kibanda cha mama mdogo, fundi cherehani, nikamtungia uzi kwenye sindano. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Aliniita Kasuku, maana mimi sinyamazi.

Siku moja niliona viganja vyake vimejaa madoa mekundu.

"Ni rangi ya vitambaa vipya," alisema. "Wala hayawashi."

"Mbona hata nyayoni yapo? Huko kitambaa kimefikaje?"

"Kasuku, funga mdomo! Umekuwa daktari?"

Wateja walicheka. Nami nikacheka, nikanyamaza.

Kliniki alikuwa ameenda mara moja tu, akaambiwa arudi na mumewe wapimwe damu wote wawili. Baba mdogo, mchomea vyuma, alisema mwanamume mzima hapangi foleni na wajawazito. Mama mdogo akaona aibu kwenda peke yake. Madoa yalipoondoka, alinionyesha viganja. "Umeona, daktari wangu?"

Mimba ilipofika miezi minane, mtoto aliacha kucheza tumboni. Alizaliwa hospitalini, wa kiume, ametimia vidole vyote, lakini hakulia. Mama yangu alimvika nguo alizoshonewa, tukamzika asubuhi. Baba mdogo alilia mpaka akakaa chini kwenye udongo. Moyo uliniuma sana.

Wazazi wale walipopimwa damu, wote walikutwa na kaswende. Nilikuwa kando ya kitanda cha mama mdogo hospitalini muuguzi alipowaeleza.

"Ugonjwa huu huambukizwa kwa kujamiiana. Huanza na kidonda kisichouma sehemu za siri, kikapona chenyewe. Baadaye huja madoa, nayo yakaondoka. Dalili zinaondoka, ugonjwa unabaki mwilini, na mama anaweza kumwambukiza mtoto tumboni. Kipimo ni damu kidogo tu, na tiba ni sindano."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. "Kidonda nilikiona mwaka jana. Kilipopona nikajinyamazia."

"Na mimi niliona madoa kwenye nyayo za mama mdogo, nikauliza, nikachekwa," nikasema, machozi yakinitoka. "Nikanyamaza."

Muuguzi alinishika bega. "Wewe huna kosa, mwanangu. Uliuliza vizuri. Siku nyingine ukichekwa, muulize mtu mzima mwingine: mama yako, mwalimu, au sisi huku. Kuuliza kuhusu mwili si utovu wa adabu."

Wote wawili walidungwa sindano, wakarudi kupimwa kila walipoitwa, mpaka wakaambiwa wamepona. Lakini kibandani mama mdogo alikaa miezi bila kuimba.

Juzi alikuja mteja mjamzito kupimwa gauni.

"Umeshapima damu kliniki?" mama mdogo alimuuliza.

"Bado, dada. Mume wangu anaona aibu."

Mama mdogo aliweka mkasi mezani. "Sisi tuliona aibu, tukamzika mtoto. Gauni litangoja. Twende, nakusindikiza sasa hivi."