Maneno Yaliyofutwa

Kila asubuhi Chiriku aliosha vyombo, akamfunga mdogo wake kamba za viatu, kisha wakaenda shule akiongea njia nzima. Jina la utani halikumpata bure. Lakini muhula huu, akifika darasani, mdomo wake ulikuwa mzito. Kila alipoketi darasani alisikia pete ikigonga dawati, ko, ko, ko. Ndivyo Mwalimu Wino alivyogonga alipotaka mwanafunzi ainue macho. Na Mwalimu Wino alikuwa amezikwa miezi mitatu iliyopita.

Wanafunzi wake wa zamani walianzisha ufadhili wa masomo ya sekondari kwa kumbukumbu yake. Kila mwaka mtoto mmoja angesomeshwa. Mwombaji alitakiwa kuleta daftari la insha lililosahihishwa na marehemu mwenyewe. Mama yake Chiriku, mfagiaji wa hospitali, alilifunika daftari la bintiye kwa gazeti safi. Alimwambia kwamba yeye haoni mlango mwingine wa kumfikisha sekondari.

Chiriku aliitikia. Lakini insha yake bora, yenye alama kumi na nane kati ya ishirini, ilikuwa imeandikwa na dada yake mkubwa. Chini ya alama hizo Mwalimu Wino alikuwa ameandika kwa penseli: “Hizi ni za aliyeandika. Wewe njoo Jumatatu, tuzungumze.” Jumamosi mwalimu akaugua ghafla, na hakupona. Jumatatu hakukuwa na wa kuzungumza naye. Chiriku akayafuta maneno yale.

Siku ya usaili ofisini alikuwamo mwalimu mkuu pamoja na mume wa marehemu, fundi cherehani. Mzee yule alipapasa kurasa kama anayepima ubora wa kitambaa. Kwenye ile insha kidole chake kikasita. Penseli ilikuwa imefutika, lakini karatasi ilikuwa imebonyea. Alipoinama asome vizuri, pete ya mkewe, aliyoivaa shingoni kwa uzi, ikagonga meza. Ko, ko.

Chiriku akainua macho. Machozi yakamtoka.

“Si yangu, baba. Aliandika dada. Mwalimu alijua, nami nikafuta maneno yake.”

Mwalimu mkuu alikunja uso. Fundi aliinua kichwa.

“Kumbe ni wewe,” akasema. “Kabla hajaugua aliniambia kuna mtoto atakuja kumwona Jumatatu. Alitaka kumpa nafasi aandike upya. Nimekuwa nikijiuliza ni nani.”

Akamsogezea karatasi tupu. Chiriku aliandika insha kuhusu maneno aliyoyafuta, na mwalimu mkuu akampa kumi na tatu. Ufadhili ukaenda kwa mwenzake. Mama alilia. Lakini Chiriku alikuwa bado amebakiza mwaka mmoja wa shule ya msingi, angeweza kuomba tena, na fundi akamwomba mama amruhusu mtoto aje dukani kwake kila Jumatatu, aandike na kumsomea.

“Kosa ukilifuta, mwanangu, alama yake inabaki,” alimwambia siku ya kwanza. “Ukilisema, hapo ndipo linapoanza kusahihishwa. Mke wangu alisahihisha hivyo miaka yote, na hakumchoka mtoto hata mmoja.”

Kesho yake Chiriku aliketi darasani akatega sikio. Hakuna kilichogonga. Alikuwa ameiogopa sauti ile muhula mzima, na sasa ndipo alipomlilia mwalimu wake.