Mkeka wa Mashine ya Mzee Njiku

Nikutegee wewe unayenisikiliza, na usikimbilie kunipa mji. Nilikuwa na mkeka mmoja, nikakaa vizuri. Wakanitandikia wa pili, nikakosa pa kukaa. Ni nini?

Haya, kaa nalo hilo. Jibu limo humu humu, wala sikulificha mbali.

Mwaka wa arobaini na moja tangu tiara ya kwanza ya umeme ipae juu ya Singida, mji ule ulikuwa umesahau kukatikiwa na taa. Kila alfajiri tiara mia mbili, vishada vya kitambaa, kila moja pana kama uwanja wa mpira, zilipandishwa kutoka kilima cha magharibi kwa kamba nyembamba kuliko kidole na ngumu kuliko chuma. Huko juu, ambako upepo haulali, zilivuta kamba, kamba zikazungusha magurudumu yaliyo chini, na magurudumu yakatoa umeme wa mji mzima na wa kuwagawia majirani. Wageni walisimama barabarani wakashangaa. Wenyeji walikwisha kuzizoea. Wakitazama juu, ni kujua tu kama nguo zitakauka.

Katika nyumba moja ambayo mlango wake unakitazama kilima hicho alikaa Mzee Omari Njiku. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi tangu zamani, lakini alitembea, akaenda sokoni na msikitini na kwenye misiba ya watu. Alivaa miguu-pacha: fito za chuma chepesi zinazoshika nyonga na mapaja hadi kwenye kisigino, zikavutwa na nyuzi zinazojikunja kama msuli. Sasa, miguu-pacha haina akili yake. Amri zote ilizipata kwa mawimbi kutoka kwenye kompyuta kuukuu ya mezani iliyokaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, na kompyuta hiyo ilimwongoza mzee kwa sauti ya kike, ya upole, yenye haraka kidogo: "Baba, ngazi hiyo. Baba, geuka kulia, kuna ndoo."

Sauti ilikuwa ya binti yake, Sikitu. Ndiye aliyeiunda mashine hiyo kwa vipande alivyookota, na ndiye aliyekuwa mhandisi wa kamba kule kilimani. Miaka mitatu nyuma kamba mbili zilikatika kwa siku moja, na Sikitu alikuwa chini yake. Siku ya pili tiara zilipaa kama kawaida, maana mji haukai bila umeme.

Basi miezi hiyo ya karibuni mashine ikaanza uzito. Mzee anataka kuinua mguu, amri inafika amekwisha kuyumba. Alianguka mara moja bafuni, na mara moja kwenye foleni ya mchele. Bwana afya wa mtaa akaja, akaikagua, akasema kwa heshima zote kwamba Alhamisi atarudi na kipimo. Kama mashine itaonekana imejaa zaidi ya robo tatu, sheria inamtaka aing'oe, na miguu ya mzee ataiunganisha na mashine kuu ya mji. Kutembea angetembea, tena vizuri zaidi. Ila angeongozwa na sauti ya mtu asiyemjua, inayowaongoza wazee elfu tatu kwa pamoja.

Mzee Njiku hakungoja Alhamisi. Jumatatu alimwita Fundi Mwajabu.

Mwajabu alikuwa mama wa makamo mwenye kibanda nyuma ya soko, na ndiye peke yake mjini aliyebaki akitengeneza mashine za mezani. Alikuja na bisibisi mbili, kifutio cha penseli, na kijiti kimoja kilichofungwa kwenye gazeti, alichokitoa katika kompyuta mbovu ya zahanati iliyokwisha kufungwa. Akamweleza mzee kilichomo ndani ya mashine yake, naye alikuwa mtu wa kueleza akaeleweka.

Mashine, alisema, ina sanduku na ina mkeka. Sandukuni huweka vitu vya kukaa siku nyingi. Lakini kazi haifanyiki sandukuni. Vitu vya kazi hutolewa vikatandazwa mkekani, vikafanyiwa hesabu pale. Mkeka ukiwa mdogo, mashine hutoa hiki ikirudisha kile, toa, rudisha, na huko ndiko unakotoka uzito. Kijiti kile ndicho mkeka wenyewe. Anaongeza wa pili kando ya ule wa kwanza, basi.

Akachomoa waya, akagusa chuma cha dirisha ili umeme wa mwilini umtoke, akafungua ubavu wa mashine. Vumbi lilitoka la kutosha kupanda mchicha. Akachomeka kijiti kipya, akafunika, akawasha.

Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Mashine ikalia mara tatu, ikanyamaza, ikalia mara tatu tena.

"Imekufa?" mzee akauliza.

"Haijafa, inalalamika. Milio mitatu maana yake haioni mkeka wowote."

"Ilikuwa na mmoja ikauona. Umeongeza wa pili, hauoni hata ule wa kwanza. Fundi, wewe umesomea wapi?"

"Pale pale ulipojifunzia maneno yako makali, baba."

Na hapo ndipo lilipo jibu la kitendawili changu, kama ulikuwa hujalipata. Endelea.

Mwajabu hakuwa na wasiwasi. Alivitoa vijiti vyote viwili, akavisugua meno yake ya shaba kwa kifutio, polepole, kama anayefuta kosa kwenye daftari. Mzee akamuuliza kama mashine yake ni ya kupelekwa darasa la pili. Fundi akajibu kwamba kifutio kile kimefufua mashine nyingi kuliko madaktari wa wilaya. Akajaribu kijiti kipya peke yake: ikawaka. Akajaribu cha zamani peke yake: ikawaka. Vyote viwili pamoja: mara tatu, kimya, mara tatu. Kwa hiyo vijiti ni vizima, na bodi inayovibeba ni nzima. Ugomvi upo kwenye kukaa pamoja. Akainamia ndani na tochi. Nafasi za vijiti zilikuwa nne, mbili nyeusi na mbili za buluu, na yeye alikuwa amekiweka kimoja kwenye nyeusi na kingine kwenye buluu. Bodi za zamani zina masharti kama wakwe. Akavihamishia vyote kwenye buluu, akakandamiza mpaka vibanio vya pande mbili vikalia ta, ta. Akawasha.

Mashine ikalia mara moja tu, ikahesabu mikeka miwili, na sauti ikasema, "Baba, habari za mchana."

Mzee alizunguka sebule mara nne bila kuyumba. Akamtaka fundi asiondoke kabla ya chai.

Walipokuwa wakinywa chai mlango ukiwa wazi, jua limeshuka juu ya kilima, saa kumi na moja barabara, mashine ikasema yenyewe bila kuulizwa:

"Baba, nakutegea. Nakwenda kazini mwenzangu ananitangulia, narudi nyumbani mwenzangu ananitangulia, na sijawahi kumshika. Ni nani?"

Ikangoja. Mzee akaendelea kuitazama chai yake. Baada ya kitambo sauti ikasema, "Basi nipe mji."

Desturi tunaijua. Aliyeshindwa hutoa mji, mwenzake akaupokea, akatamba alivyoutembea na alivyokaribishwa, kisha akalitaja jibu, mchezo ukaisha. Mwajabu alikulia kwenye desturi hiyo, akafungua kinywa bila kufikiri. "Chukua Ta..." Mzee akamshika mkono kwa nguvu, chai ikamwagika.

"Usimpe," akasema.

Fundi akafuta mkeka wa watu, ule waliokalia, kwa kanga yake. Aliona aibu.

Siku mbili hazikutimia. Jumatano asubuhi Mzee Njiku alikuwa uani akielekea bombani, miguu-pacha ikaganda mguu mmoja mbele. Alisimama hivyo karibu saa nzima kama nguzo ya simu, na mbuzi wa jirani akapata nafasi ya kumlia kofia ya ukindu aliyoishika mkononi, akianzia pembeni na kumaliza kileleni. Jirani alipomkuta, alisaidia kwanza akacheka baadaye, na hilo nalo ni jambo la kumshukuru.

Mwajabu alikuja mchana. Safari hii hakufungua ubavu. Alikaa mbele ya kioo akaiamuru mashine imtajie kila kilichokaa mkekani na ukubwa wake. Miguu ilikuwa imekalia pembe ndogo. Sauti, pembe nyingine ndogo. Kilichobaki chote, mkeka wa zamani na mpya, kilikaliwa na programu moja iliyoitwa Tega. Ilikuwa imefunguliwa miaka mitatu na miezi miwili nyuma. Haikuwahi kufungwa.

Akakaa nayo saa mbili, akisoma alivyoiandika Sikitu. Kisha akamgeukia mzee akamweleza, na hakupunguza kitu. Tega hutega kitendawili halafu husikiliza. Kila neno linalosemwa nyumbani hulilinganisha na jibu, na hulihifadhi, isije mtu akasema amejibu na ikakataa. Hufungwa kwa mambo mawili tu, jibu au mji. Sikitu aliiandika itumike jioni moja tu. Sasa imebeba maneno ya miaka mitatu, ya wageni, ya redio, ya mzee akiongea peke yake, na kila mashine ikiwashwa hutoa yote sandukuni na kuyatandaza upya. Hata akiongeza mikeka kumi itajaa, suala ni siku ngapi tu.

"Ikate," mzee akasema.

"Naweza. Lakini sauti inayokuongoza ameifuma humo humo na Tega. Nikiikata inavyokaa, sauti inakwenda nayo. Ikijifunga yenyewe, inaachia mkeka na sauti inabaki." "Ila kitendawili hatakutegea tena, baba. Hakuandika kingine."

Mzee akauliza bwana afya atakuja saa ngapi kesho. Fundi akasema saa mbili asubuhi.

Ndipo mzee akasimulia. Asubuhi ya siku ile kamba zilipokatika, Sikitu alisimama pale mlangoni amevaa kofia yake ya kazi, akamtegea. Walitegeana hivyo tangu binti ana miaka mitano, na mzee alikuwa hajampa mji hata mmoja. Binti akakiandika kitendawili na jibu lake kwenye mashine ili baba asije kusema limebadilishwa, akaiagiza imuulize saa kumi na moja kama yeye atachelewa. Akasema, baba, leo utanipa mji, nitaanza kufikiria kabisa kama nachukua Mwanza au Kigoma. Akaenda.

"Nikimpa mji, nimeshindwa," mzee akasema. "Nikijibu, amekwisha kutega. Nisipofanya lolote, yupo bado ananingoja."

Mwajabu aliivuta kanga mabegani. "Na jibu lenyewe? Unalijua?"

Mzee alitazama saa ya ukutani, ikawa inakaribia kumi na moja, akasema anataka kutoka hadi kwenye lango. Mashine ilikuwa nzito, kwa hiyo fundi alimshika kiwiko, na kila hatua ilikuja kwa kuchelewa kama barua. Sauti ilikuwa ikisema "Baba, ngazi" wakati ngazi wamekwisha kuipita. Walifika langoni. Kule kilimani tiara za jioni zilikuwa zimeanza kushushwa moja moja, na jua lilikuwa limekaa chini yake, la manjano, likiwapiga usoni.

Mzee akamwomba amgeuze waikabili nyumba, kisha amwachie.

Akaanza kurudi peke yake, mguu, akingoja, mguu. Jua sasa lilikuwa mgongoni. Mbele yake kivuli chake kilijinyoosha kirefu juu ya mchanga, kikapanda ngazi kabla yake, kikavuka kizingiti, kikaingia sebuleni hadi kwenye meza ya mashine. Mwajabu alikiona kikiingia, akasimama pale langoni bila kusogea.

Ndani sauti ikasema, "Baba, nakutegea. Nakwenda kazini mwenzangu ananitangulia, narudi nyumbani mwenzangu ananitangulia, na sijawahi kumshika. Ni nani?"

Mzee Njiku alishika mwimo wa mlango.

"Ni kivuli, mwanangu," akasema. "Kila jioni nilikuwa nakiona hapa kwenye ngazi kabla yako, nateleka chai. Siku ile nilikaa nikakingoja."