MAMA ALIYEAPA KWAMBA AMEKUFA

"Mama mzazi wa mtoto huyu yuko wapi?"

Hakimu aliuliza bila kuinua macho.

Kasiana alikuwa amesimama mbele yake, Biblia mkononi, jasho linamtiririka mgongoni.

"Amefariki, mheshimiwa."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Kifua. Alikohoa sana... mwisho akashindwa."

"Na wewe ni nani kwa mtoto?"

"Mama yake mdogo. Naitwa Anjelika."

Jamani, someni tena hapo taratibu...

Huyo mama aliyefariki ndiye huyo huyo aliyekuwa anajibu!

Alikuwa anatangaza kifo chake mwenyewe, kwa kiapo, mbele ya hakimu. Na mwanaye Oliva, wa miaka minne, amekaa benchi la nyuma kwenye mapaja ya mwanamke wa Kizungu, anatafuna biskuti.

Ilikuwa Songea, mwaka 1993.

Najua mmeshaanza. "Mama gani huyo? Mchawi!" Tulieni kwanza. Mkishamjua ndiyo mumhukumu.

Mume wa Kasiana aliitwa Emiliani. Alikuwa mtunza ghala kwenye shirika moja la umma, mtu wa heshima zake pale mtaani Bombambili. Zikaja zile enzi za ruksa. Madukani sabuni na sukari zikajaa, mitumba ikamwagika sokoni, watu wakashangilia... huku mashirika yanauzwa na wafanyakazi wanapunguzwa.

Emiliani naye akapunguzwa.

Akarudi nyumbani akiwa mtu wa kukaa barazani tu. Kikohozi kikamwanza. Akakonda, akakonda... akafa. Ndugu zake walipomaliza matanga wakabeba hadi kitanda.

Kasiana akabaki na watoto wawili, Egidi na Oliva. Akawa anauza togwa na mihogo ya kuchemsha karibu na stendi.

Halafu Egidi akashikwa homa.

Wakati huo hospitali ndiyo zilikuwa zimeanza mambo ya kuchangia gharama. Kasiana akazunguka mtaa mzima kukopa, jua linamwangalia. Alipopata, akamfunga mtoto mgongoni, mguu mosi mguu pili, anakwenda huku anamsemesha.

"Tunafika mwanangu. Ule mti pale, halafu tunafika."

Egidi hakujibu. Kasiana alidhani amelala.

Nesi ndiye aliyemfungua mgongoni. Akamtazama Kasiana, akamfunika mtoto uso.

Alikuwa amembeba maiti, jamani!

Sasa hapo ndipo alipoingia Mwalimu Amedeus.

Mstaafu, suti ya kaki imepigwa pasi, Jumapili anasoma masomo kanisani, Kiingereza kinamtoka kama maji. Watu walimwamkia toka ng'ambo ya barabara. Siku hizo alikuwa mtu wa shirika moja la kigeni lililowatafutia yatima wazazi wa Ulaya.

Alifika kwa Kasiana mchana, akakalishwa kigoda.

"Kasiana, huyu Oliva naye unangoja umbebe mgongoni?"

Kasiana aliumia kama kachomwa kisu.

"Kuna bwana na bibi hawakujaliwa mtoto. Watu wa Mungu. Watamsomesha. Likizo atakuja umwone, akimaliza shule anarudi."

"Ataendelea kuwa wangu?"

"Damu hubadilishwa, mama?"

Hapa muelewe kitu. Kwetu mtoto anaweza kulelewa na shangazi yake kule Namtumbo tangu anatambaa mpaka anaolewa, na bado ni wako. Mahari inakuja kwako. Kasiana alielewa hivyo. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna sheria inayofuta mama.

"Ila kuna kitu kimoja," Amedeus akashusha sauti. "Wanachukua yatima kamili. Ukiwepo wewe, wanakwenda kwa mwingine."

"Sasa mimi niende wapi?"

"Huendi popote. Ni maneno ya mahakamani tu. Utakuwa mama mdogo. Tumia jina la mdogo wako."

Mfa maji hukamata maji. Kasiana akakubali.

Aliyejua siri hiyo ni jirani yake tu, Lidwina.

Ikabidi Oliva afundishwe.

"Kuanzia leo niite mama mdogo."

"Kwa nini mama?"

"Mama mdogo!"

Mtoto akalia. Siku ya pili akalia tena. Siku moja akaja mwenyewe na kikombe chake, "Mama mdogo, naomba togwa."

Kasiana akammiminia. Halafu akaenda nyuma ya nyumba, akauma khanga yake asisikike.

Siku ya kuondoka, somo lote likamtoka mtoto. Alipoona mlango wa Landrova unafungwa, akapiga kelele, "Mama! Mama! Mamaaa!"

Yule mwanamke wa Kizungu, jina lake Karin, akageuka kwa mshtuko na kumuuliza Amedeus kitu kwa Kiingereza.

Amedeus akacheka. Akajibu. Karin akatulia.

Baadaye Kasiana alimuuliza, "Alikuuliza nini?"

"Mbona anakuita mama. Nikamwambia huku kwetu kila mwanamke huitwa mama."

Gari likaondoka...

Likizo ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kasiana akawa anamfuata Amedeus mpaka mlangoni.

"Mwalimu, mwanangu haji?"

"Ulaya siyo Mbinga, Kasiana. Vumilia."

Kanisani alikwenda, lakini wengine waliposimama kwenda kukomunika yeye alibaki benchini. Alikuwa ameshika Biblia akasema uongo. Aliona aibu hata kwenda kuungama.

Mwaka 1995, kiangazi kinaanza, Amedeus akaja mbiombio.

"Oga, vaa vizuri! Wanakuja na mtoto!"

Wee! Kasiana alicheza peke yake uani. Akakopa kitenge kwa Lidwina. Akapika togwa ya kutosha harusi.

Landrova ikasimama. Akashuka Oliva... mrefu, viatu vyekundu, nywele zimefungwa riboni. Akamtazama Kasiana kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau. Karin akamsukuma kidogo begani.

"Shi-ka-moo, mama mdogo."

Kiswahili kilikuwa kimemtoka. Alibaki na maneno ya kuokoteza.

Kasiana alitaka kumkumbatia wasiachane tena, lakini Amedeus akawahi.

"Hatuna muda. Twende makaburini."

"Makaburini kufanya nini?"

"Mtoto anamuulizia sana mama yake. Wamekuja aone kaburi."

Kasiana akamshika Amedeus mkono.

"Kaburi la nani, Mwalimu?"

"Wewe panda gari. Nimeshatengeneza kila kitu."

Ndugu zangu...

Walipofika, Kasiana alilitambua kaburi la Emiliani. Pembeni yake palikuwa na kale kadogo ka Egidi. Sasa halikuwa dogo tena! Lilikuwa limerefushwa kwa udongo mpya, limekuwa la mtu mzima. Msalaba wa Egidi haupo. Umesimamishwa mwingine, mweupe, rangi bado inanuka.

Umeandikwa KASIANA.

Oliva akasogea, mkono wake umeshika maua. Akapiga magoti. Akayaweka pale, juu ya kaka yake, akaanza kulia ile ya kwikwi.

Mama yake amesimama hatua chache tu, hai!

Kuna uongo mtu anaweza kuubeba. Huu ulimshinda.

"HAPANA!"

Aling'oa msalaba kwa mikono miwili akautupa.

"Kasiana ni mimi! Mimi siyo Anjelika! Hapa amelala Egidi, mwanangu! Oliva, mimi ndiye mama yako! Mimi ndiye niliyekuzaa!"

Mtoto akaruka kwa hofu, akajificha kwenye sketi ya Karin. Mume wa Karin akamgeukia Amedeus, macho yamemtoka.

Na Amedeus, bila hata kupepesa, akatafsiri kwa Kiingereza. Maneno yake Kasiana hakuyaelewa, lakini aliona uso wa yule bwana unalainika. Aliona anatikisa kichwa kwa huruma. Anavua kofia.

"Umewaambia nini?" Kasiana akauliza. "Mwalimu, umewaambia nini?!"

"Nimewaambia ulimpenda sana marehemu dada yako, na msiba umekuvuruga akili."

Kasiana akakaa chini, pale pale kwenye udongo.

Wakamwinua. Wakamrudisha mpaka kwake. Mtoto akawahi kurudi garini, anamwogopa.

Karin ndiye aliyebaki nyuma. Akamjia Kasiana, akamkumbatia kwa nguvu. Halafu akasikia sauti sikioni...

Kwa Kiswahili!

"Nimekusikia."

Kasiana akazidi kumshika.

"Nilisoma Kiswahili. Kwa ajili ya Oliva. Nimesikia yote."

"Basi nirudishie mwanangu," Kasiana akanong'ona. "Mama, nakuomba... nirudishie."

Machozi ya Karin yalimlowesha Kasiana shingo.

"Siwezi," akasema. "Nisamehe. Siwezi."

Akamwachia. Akaingia garini. Hakumwambia mumewe kitu. Akafunga mlango.

Wangekuwa hawajui, ungesema wamedanganywa. Huyu alijua... akaondoka naye.

Kasiana alikwenda polisi kushtaki. Ofisa mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, aliyeapa kwamba mzazi amekufa ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi nikifungua kesi hii, wa kwanza kuingia ndani ni wewe."

"Niingie. Mwanangu arudi."

"Wewe kuingia hakutamrudisha. Kisheria yule ana mama mwingine."

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Mwalimu Amedeus hakuacha kazi. Kiangazi hicho hicho alianza kupita kwa Lidwina, ambaye mumewe alikuwa amemtoroka. Lidwina alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu. Maneno yakawa yale yale: shule, likizo, watu wa Mungu.

Lidwina aliyajua yote, na bado alilegea. Njaa haina masikio.

Siku Landrova ilipokuja, Kasiana alikuwa amekaa mlangoni mwa Lidwina, amejaa mlango mzima.

"Toka hapo, Kasiana," Lidwina akamwambia. "Usinizibie riziki."

"Sitoki."

"Wako amekwenda! Unataka wangu abaki ale nini?"

"Atakula ninachokula."

"Huna kitu!"

"Basi tutakosa wote. Lakini huyu hatalia kwenye kaburi lako ukiwa unamwangalia."

Amedeus akamshika mkono amwondoe. Kasiana akapiga ukunga ule wa msiba, mtaa mzima ukatoka. Na mbele ya watu wote, bila kuficha hata neno, akasema alichoapa, nani alimfundisha, na kaburi la Egidi limefanywa nini.

Watu hawakumpiga Amedeus. Walimtazama tu. Mzee mmoja akatema mate chini. Mwalimu akapanda gari, na haukupita muda akahama Songea. Nasikia alizikwa kwa heshima zote huko alikokwenda. Dunia ndiyo hivyo.

Oliva hakurudi. Mpaka leo.

Na yule mtoto wa Lidwina?

Ndiye mimi ninayewaandikia. Jina langu Noela.

Sitawadanganya. Nimekua kwa uji wa chumvi, kuna siku nilimchukia Kasiana kwa kuziba ule mlango. Nilijiuliza ningekuwa nani huko kwenye viatu vyekundu. Lakini nilipojifungua wangu wa kwanza, mama yangu Lidwina ndiye aliyemwogesha. Hapo chuki ikaniisha.

Wewe unayesoma, maskini au tajiri, shika hili: msaada wa kweli humkuta mtoto na mama yake ukawainua wote wawili. Mtu akikuambia kwamba ili mwanao aishi lazima wewe uhesabiwe umekufa, huyo mfukuze hata kama amevaa suti na anasoma masomo kanisani.

Mama Kasiana yupo, Bombambili, amezeeka. Nampitia kila Jumapili.

Ukimwambia, "Shikamoo, mama," hukutazama usoni kwanza, kama anayemtafuta Oliva... ndipo aitikie.