Rangi ya Kuazima

"Njano ni njano, wifi! Hata mtoto wa chekechea anaijua. Saini hayo majibu tuondoke nayo."

Nesi alisimama mlangoni mwa maabara, mikono kiunoni. Kando yake alikuwa mdogo wake, fundi wa mafriji, mchumba wa huyo mtaalamu wa maabara aliyekuwa akifokewa. Fundi alikuwa anakagua viatu vyake. Mama yao alikuwa wodini na homa ya maambukizi ya mkojo, na harusi ilikuwa mwisho wa mwezi.

Mtaalamu aliinua kisahani. Jeli ya kuoteshea bakteria, ambayo huanza ikiwa bluu, ilikuwa imegeuka njano yote.

"Wifi, huyu bakteria wa njano nilishampa daktari majibu yake, na dawa yake mama anapata. Mbona homa haishuki?"

"Si unijibu wewe!"

"Kwa sababu kuna mwingine. Ona hapa pembeni, hivi vidoa havifanani na vingine. Huyu njano si yake. Jirani yake anatoa asidi mpaka jeli yote inageuka, basi na yeye anaonekana wa njano. Nimemhamishia kisahani chake peke yake. Kesho tutamjua."

"Kesho, kesho! Mama yetu ndiyo umemfanya wa majaribio?" Nesi akamgeukia mdogo wake. "Na wewe unasemaje?"

Fundi akakohoa. Mtaalamu alimkazia macho, roho juu. Sema neno moja tu, baba wewe.

"Nafikiri... dada naye ana pointi."

Ana pointi! Mwanaume huyuhuyu, jana yake tu, walipokaa wawili kwenye ngazi, alimshika mkono akamwita kwa jina alilomtungia mwenyewe, akamwambia, "Bi Sahani, usimsikilize mtu, fanya kazi yako." Na ndiye aliyekubali wapange nyumba yao wenyewe, kisha akaenda kula kwa dada yake na kurudi amekubali wakaishi chumba cha uani kwake. Inachosha. Kumpenda mtu wa namna hiyo kunachosha kuliko kuosha vyombo vya maabara nzima.

Jioni, mtaalamu akiwa jikoni kwake, simu ikalia, ujumbe kutoka kwa Fundi.

"Nimefikiri sana. Tusimamishe mambo ya harusi kwanza. Inaonekana unaithamini kazi yako kuliko familia yangu."

Kitunguu kikaungua. Alilia, akasoma tena, kisha hasira zikampanda. Bi Sahani iko wapi? Fundi hajawahi kumwandikia bila Bi Sahani, na tangu wajuane hajawahi kuweka nukta. Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, ikawa imezimwa.

Asubuhi alifungua mashine ya joto ambamo visahani vililala usiku kucha. Kile kisahani cha pili kilikuwa bluu tupu. Bakteria mwingine kabisa. Akampigia daktari palepale, akapima dawa inayomuweza, kesho yake mgonjwa akabadilishiwa, na homa ikaanza kushuka.

Ndipo Fundi akajitokeza kwenye korido ya maabara, macho mekundu.

"Bi Sahani, nisamehe. Ulikuwa sahihi."

"Ile meseji nani aliandika?"

Fundi akarudi kukagua viatu vyake.

"Nakuuliza!"

"Dada. Nilimpa simu. Lakini mimi sikutaka..."

"Ulimpa simu! Na mimi ulinipa nini?"

"Nakupenda, haki ya Mungu."

"Ukiwa na mimi unanipenda. Ukiwa na dada, dada ana pointi. Nishaona bakteria wa hivyo, sihitaji mume wa hivyo. Hayo maneno kayaseme ukiwa umekaa ubavuni kwa dada yako."

Wakapanda wodini. Mama alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji. Nesi akamvutia mdogo wake kiti karibu naye.

"Afadhali mmekuja wote," alisema Nesi. "Wifi, asante kwa kazi. Ila ya harusi tulishakubaliana inasogezwa. Au siyo, mdogo wangu?"

Fundi akafungua mdomo. "Nd..." Akamwona mchumba wake anageuka kuondoka. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Hapana, dada. Hatukukubaliana. Ile meseji uliandika wewe, mimi nikanyamaza kama mjinga. Harusi iko palepale, na chumba cha uani hatuhamii."

Mama akashusha kikombe.

"Kumbe una sauti, mwanangu! Miaka yote hii nilidhani nilizaa redio ya dada yako."

Fundi akamkimbilia mchumba wake. Akazuiwa kwa kiganja.

"Usiniguse. Bado nina hasira. Rangi ya leo nimeiona, lakini mimi sisomi kisahani kabla hakijalala kwenye joto. Nenda kalale kwa dada yako. Kesho nitasoma."

Usiku huo hakupata usingizi, akijilaumu kwa ukali wake na kuulaani huohuo ukali kwamba haukuanza mapema. Kulipopambazuka simu ikalia.

"Bi Sahani nimeamka dada kanisema usiku kucha nimemjibu vilevile rangi ni ileile njoo usome"

Hakuna nukta hata moja. Akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akaandika:

"Nimesoma. Waambie kwenu waendelee na maandalizi ya harusi."