Simba Hayumo

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, wanafunzi wa darasa la sita walisimama mmoja mmoja kusoma maoni yao juu ya vitabu viwili: kimoja cha hadithi, kimoja cha maarifa. Mwalimu alisikiliza huku akisahihisha madaftari ya hesabu. Akisikia "kitabu hiki ni kizuri sana," alitia sahihi kwenye kadi. Asiyepata sahihi haazimi kitabu mpaka muhula uishe.

Wanafunzi walishamjua. Walinakili maneno ya jalada la nyuma, wakaongeza "kizuri sana," basi, kazi kwisha.

Sindano hakuweza. Msichana huyo alipewa jina hilo kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia. Mama yake, fundi cherehani, alimlea kwa neno moja: "Ukiulizwa, sema ulichokiona. Mungu hapendi shahidi wa uongo." Tena vitabu alivipenda kuliko usingizi. Kukaa muhula mzima bila kuazima kungemuua.

Ijumaa hiyo alianza Kasuku, aliyekaa naye dawati moja na kusoma naye kitabu kimoja cha hadithi.

"Hii ni hadithi ya mwindaji shujaa anayepambana na simba mla watu. Kitabu hiki ni kizuri sana."

Sahihi. Wenzao watatu wa dawati hilo wakamsoma simba yuleyule. Sahihi, sahihi, sahihi.

Sindano akasimama. "Kitabu cha meno kimenitisha. Siku hizi silali bila kupiga mswaki. Hadithi nayo ni ya nesi mmoja mkali, na mwanzoni alinikera. Mgonjwa analia, yeye anamwambia, kaa foleni! Nilitaka kukitupa. Lakini mwishoni nililia, kwa sababu kumbe na yeye alikuwa anaumwa, hana wa kumwambia. Simba nilimsubiri mpaka ukurasa wa mwisho, hakuja."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akainua kichwa.

"Nesi katoka wapi? Wenzako wanne wamesoma simba!"

"Simba hayumo, mwalimu."

"Sindano leo umechoma hewa!" Kasuku akamnong'oneza. "Andika simba, upate sahihi yako."

"Rudia kazi," mwalimu akasema. "Andika kama wenzako."

"Samahani mwalimu, siandiki."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akanyoosha mkono. "Lete kadi."

Sindano aliipeleka kadi mezani, na kitabu pia.

"Kadi hii hapa, mwalimu. Lakini naomba unionyeshe ukurasa wenye simba. Ukiupata, nitamwandika hata mara mia."

Mwalimu akakifungua kitabu kwa hasira. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akarukia wa kati. Akaenda wa mwisho, akarudi mwanzo, polepole. Kisha akapapasa mgongo wa kitabu, penye gundi mpya. Wakati wa likizo vitabu vilivyochanika vilibandikwa upya, na jalada la mwindaji lilikuwa limevishwa hadithi ya nesi.

"Kasuku, ulisoma ukurasa gani?"

Kasuku akatazama viatu vyake. "Wa nyuma, mwalimu. Wa nje."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akatia sahihi kadi ya Sindano, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kosa la gundi ni dogo," akasema. "Kubwa ni hili: wanne wamesifu wasichokisoma, na mimi nimetia sahihi nisichokisikiliza. Uongo haugeuki kweli kwa kusemwa na wengi. Na kweli, hata ikisemwa na mmoja anayechekwa, ni kweli tu. Ninyi wanne mtasoma upya." Akakiweka kitabu kwenye mkoba wake. "Lakini mtangoja zamu. Wa kwanza ni mimi, na Ijumaa ijayo nitasimama hapa niwasomee maoni yangu."