Shamsa Ana Kifua

Duka la kanga lililotazamana na soko la Kilindoni lilikuwa limejaa hadi mlangoni, maana Idi ilikuwa inabisha hodi. Luqmani, fundi wa sola kutoka Miburani, alikuwa amebana doti moja ya zambarau kwapani akitafuta pa kulipia, mara akasikia kicheko nyuma yake.

"Kaka, hiyo unampelekea nani?"

"Shangazi yangu. Ndiye aliyenilea."

"Na jina la kanga umelisoma?"

Luqmani akaikunjua. Ilikuwa imeandikwa: MDOMO ULIPONZA KICHWA.

"Mpelekee hiyo," yule dada akasema, "pilau ya Idi utakula kwa jirani."

Duka zima likacheka. Luqmani naye akacheka, kisha akamtazama vizuri: baibui jeusi lenye nakshi za dhahabu mikononi, ushungi wa rangi ya limau bivu, macho ya wanja, na mabega ya mtu asiyeomba ruhusa ya kupita. Kilindoni nzima ilimjua isipokuwa Luqmani. Huyo ndiye MC Shamsa, na harusi ambayo Shamsa hakushika kipaza sauti watu waliiita hitima.

"Basi nichagulie wewe, dada yangu."

Alimchagulia, na kabla hawajatoka dukani namba ya simu ilikuwa imeshatolewa. Kuanzia hapo simu hazikupoa.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nikishasikia sauti yako nimeshiba."

"Muongo mkubwa! Mbona nasikia unatafuna?"

"Natafuna muhogo, mpenzi. Sauti ni kitoweo."

Shamsa hakumficha kwamba ana pumu tangu utotoni. Pampu yake ilikaa kwenye pochi pamoja na wanja. Kifua kikibana katikati ya sherehe, alijitenga kidogo, akavuta dawa, akarudi na vijembe vikali kuliko alivyoviacha. Alijivunia hilo, na haki yake: pumu haikuwahi kumpokonya kipaza sauti.

Kisha kikaja kikohozi kisichotaka kuondoka.

"Pumu tu, mpenzi," alisema kila Luqmani alipouliza. Baibui likaanza kumpwaya. Akalipeleka kwa fundi cherehani likabanwa, akadai ndiyo mtindo wa mjini.

Luqmani alipomwambia shangazi yake, Bi Somoe, kwamba anataka kuoa, bibi huyo alifanya kama wafanyavyo wazazi wote kisiwani: akaenda kumuulizia binti. Alimkuta Warda, shoga yake Shamsa, akamuuliza tabia za mwenzake. Warda akaona hapa ndipo pa kumpamba shoga.

"Bi Somoe, mtoto ana kifua yule! Wala usiwe na shaka."

Warda alikuwa na maana kwamba Shamsa anatunza siri, tena za mji mzima. Lakini Bi Somoe alimzika kaka yake aliyeuawa na kifua kikuu, na neno "kifua" kwake lilikuwa na maana hiyo moja tu. Aliaga bila hata kumaliza chai.

Jioni hiyohiyo Luqmani akafika kwa Shamsa akihema.

"Shangazi amesikia una kifua. Shamsa, twende ukapimwe makohozi."

Shamsa akaiweka pasi chini. "Pumu na kifua kikuu kwako ni kitu kimoja?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema twende."

"Wewe umekuja kukagua kama nimeoza kabla hujaleta posa. Toka, Luqmani."

Alitoka. Alipiga simu wiki nzima, haikupokewa. Kiburi kilimuuma Shamsa kuliko kifua, na usiku alijifunika uso na mto akalia, maana alimpenda.

Kwenye harusi moja Baleni, Shamsa alianza kutaja ukoo wa bwana harusi akashindwa kuumaliza. Alivuta pampu; kubana kukalegea, kikohozi kikabaki, na kwenye leso akaona uzi wa damu. Asubuhi akaenda hospitali mwenyewe.

Majibu yalipotoka, Tabibu Jovina alimtazama usoni. "Pumu unayo, dada. Na kifua kikuu unacho."

"Vyote viwili?"

"Vyote. Pumu haigeuki kuwa kifua kikuu, wala haiambukizi. Ila maradhi yote mawili yanakohoza, basi moja likajificha nyuma ya mwenzake. Pampu inafungua njia ya hewa tu, vimelea haiviui. Endelea nayo, na dawa hizi umeze miezi sita bila kuruka siku. Watu wako wa karibu waje wapimwe."

Shamsa alilia palepale bila aibu. Alipomaliza, akapiga simu.

"Luqmani, nenda kapimwe. Na shangazi yako."

"Shamsa wangu..."

"Usinionee huruma! Mlipatia kwa kubahatisha. Mwambie Bi Somoe kwamba Warda alinisifia: alisema natunza siri. Ila hii siitunzi."

Na kweli hakuitunza. Alipiga simu kwa wapishi, wapiga ngoma, mabibi harusi: "Mimi Shamsa nina kifua kikuu, natibiwa, nendeni mkapimwe." Wengine walimshukuru. Wengine walimkatia simu wakatafuta MC mwingine. Alipita sokoni kichwa juu, barakoa usoni, wanja mahali pake.

Luqmani alipimwa akaonekana salama. Akawa anamletea supu ya pweza, wanakaa uani penye upepo.

"Rudi kwenu, fundi."

"Unanifukuza tena?"

"Nakufukuza. Ila acha supu."

Dawa zilipokwisha na vipimo vikatoka safi, posa ikaletwa. Wazee wa Miburani wakaketi sebuleni, Bi Somoe karibu na pazia la chumba cha ndani. Mzee Kombo, ami yake Shamsa, akaona astiri heshima ya ukoo.

"Binti yetu ni mzima. Kulikuwa na vimafua vidogo tu, vikapita."

"Kifua kikuu, ami!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, ileile ya harusini. Wazee wakatazamana: tangu lini anayeposwa akajibu?

"Kilikuwa kifua kikuu," Shamsa akaendelea, "nimekitibu, nimepona. Pumu ninayo hadi leo. Anayenitaka anitake nikiwa hivyo."

Luqmani alikuwa anatabasamu peke yake. Mzee Kombo akajifuta jasho. Bi Somoe akalisogeza pazia kwa mkono wake, akamtazama msichana yule kuanzia ushungi hadi hina ya miguuni.

"Basi hatukukosea nyumba," akasema. "Huyu ndiye tuliyemfuata."